Geji 20: namba inayopotosha, na mtutu unaochagua risasi yake

Baba mdogo alipofariki, shotigani yake ya geji 20 ilipelekwa kituo cha polisi, ikakaa huko mpaka mtoto wake wa kwanza alipopata kibali kwa jina lake mwenyewe. Siku aliyokabidhiwa alipitia kwangu hapa Moshi kabla ya kupanda gari la Sanya Juu. Tuliposalimiana na chai ikaletwa, akafungua simu akanionyesha picha za pakiti tatu za risasi alizozikuta dukani Arusha, alipokuwa akitafuta za kupigia nguruwe pori wanaoingia kwenye mahindi yao.

"Kaka, zote zimeandikwa ishirini, na zote ni za kipande kimoja. Nichukue ipi? Halafu hii ishirini si ndiyo kubwa kuliko kumi na mbili?"

Kipande kimoja ni risasi yenye donge moja zito, badala ya chembe nyingi ndogo. Sijamjibu, akaongeza la tatu. Nyumbani kuna gunia la maganda ya risasi ambazo marehemu alizitumia miaka mingi kuwindia kanga na kwale. Mtandaoni ameona Wamarekani wakiyajaza maganda kama hayo upya, mezani kwao, kwa kimashine kinachofanana na cha kukamulia machungwa. "Si na mimi naweza?"

Maswali haya nimeulizwa na vijana na nimeulizwa na wazee, na kila mara nakuta mtu ameshapewa jibu la mkato na mwingine: chukua yoyote, ishirini haina nguvu, jaza tu, baruti ni baruti. Majibu ya namna hiyo hupasua mitutu na kukata vidole. Nilimjibu mdogo wangu taratibu mpaka gari la saa nane likamwacha, na hapa nayaandika kwa utaratibu ule ule.

Ratili moja ya risasi

Shotigani haipimwi kwa milimita kama bunduki nyingine. Kipimo chake, yaani geji, ni cha zamani na kinatokana na ratili. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 453.6, uigawe vipande 12 vilivyo sawa, na kila kipande ukifinyange kiwe tufe. Tufe moja kati ya hayo litaingia sawasawa ndani ya mtutu wa geji 12, wenye kipenyo cha milimita 18.5. Sasa gawa ratili ile ile vipande 20. Matufe yatakuwa madogo zaidi, ya milimita 15.6, na hiyo ndiyo geji 20. Ndivyo ilivyo hata kwa mkate: watoto wakiongezeka mezani, kila mmoja anapata kipande chembamba zaidi. Kwa hesabu hiyo geji 16 ina milimita 16.8 na geji 28 ina milimita 14. Katika familia hii kuna mmoja tu asiyefuata ratili, naye ni ile ndogo kabisa iitwayo 410, ambayo jina lake ni kipenyo chenyewe kwa inchi, 0.410, sawa na milimita 10.4. Ingehesabiwa kwa ratili ingekuwa karibu na geji 67.

Kwa hiyo ishirini ni nyembamba kuliko kumi na mbili. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini limewahi kuwapotezea watu mikono, kwa sababu ya tofauti ile ya milimita tatu.

Ukitia risasi ya geji 20 kwa bahati mbaya ndani ya bunduki ya geji 12, haidondoki nje wala haikai mahali pake. Inateleza mbele, ukingo wa kitako chake unanasa pale chemba, yaani sehemu ya nyuma inapokaa risasi, inapoanza kujifinya kuingia kwenye mtutu, na hapo inatulia. Mwindaji akifungua bunduki anaona chemba tupu, anadhani alisahau kutia risasi. Anatia ya geji 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto unaposhikilia. Geji 28 ndani ya bunduki ya geji 20 inaweza kufanya jambo hilo hilo. Ndiyo maana maganda ya geji 20 kwa kawaida hutengenezwa kwa rangi ya njano, na geji nyingine hazipewi rangi hiyo. Mdogo wangu hana geji 12, lakini jirani yake anayo, na watu wanaolinda mashamba pamoja huazimana makoti. Nilimwambia: risasi moja ya njano ikisahaulika kwenye mfuko wa koti la kuazima inatosha.

Kuna namba ya pili ambayo watu huiruka, nayo ni urefu. Geji 20 za siku hizi huwa za milimita 70 au 76, na bunduki za zamani, hasa zilizotoka Uingereza, zinaweza kuwa na chemba fupi ya milimita 65. Urefu unaoandikwa kwenye pakiti ni wa ganda likiwa limeshafyatuliwa na kufunguka mdomo. Kabla ya kufyatuliwa mdomo umekunjwa, kwa hiyo ganda la milimita 76 linaingia vizuri tu kwenye chemba ya milimita 70 na bunduki inafunga bila tatizo. Shida inakuja wakati wa kufyatua: mdomo unataka kufunguka, haupati nafasi, unabana njia, na mgandamizo unapanda. Bunduki kukubali kufungwa si ushahidi kwamba risasi ni yake. Ushahidi ni maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu, na yakiwa yamefutika, apime fundi wa silaha mwenye leseni.

Je, ishirini ni dhaifu?

Hapa kuna maneno mengi kuliko hesabu, basi tufanye hesabu. Risasi ya kipande kimoja ya geji 12 iliyo ya kawaida ina uzito wa gramu 28 na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 480 hivi kwa sekunde. Hiyo ni nishati ya jouli 3,200 hivi. Ya geji 20 huwa na gramu 21 na mwendo unaokaribiana na huo, kwa hiyo inabeba jouli 2,500. Ile 410, yenye gramu 5.7 tu, inakimbia zaidi lakini inaambulia jouli 880. Kwa kulinganisha, bunduki ya .375, yaani yenye risasi ya kipenyo cha inchi 0.375, ambayo wawindaji wa huku huihesabu kuwa ndiyo ya chini kabisa ya kuendea nyati, hutoa jouli zaidi ya 5,500.

Geji 20 basi si dhaifu kwa nguruwe pori wa kilo 60 au 80 aliye karibu. Nimeona watu wazima wakiitazama kwa dharau kama ya kike au ya kitoto, na dharau hiyo haina msingi wowote. Kwa nyati au kiboko haifai hata kidogo, na geji 12 nayo haifai. Hiyo 410 nisingemshauri mtu ampigie nguruwe, maana mnyama atakwenda kufia korongoni baada ya siku mbili za mateso.

Udhaifu halisi wa risasi ya kipande kimoja, iwe ya geji yoyote, uko kwenye umbali. Ni nene, fupi, na pua yake ni butu, kwa hiyo hewa inaizuia vikali. Ikifika mita 100 imeshapoteza zaidi ya theluthi moja ya mwendo wake. Na kwa kuwa nishati hufuata mwendo kwa kipeo cha pili, iliyobaki haifiki nusu. Wakati huo huo imeshaanza kushuka. Wanaoijua bunduki yao husema mita 50 kwa mtutu laini wenye kidoto tu cha kulengea, na 75 kwa mtu mwenye mazoezi mengi.

Lakini usichanganye umbali wa kupiga kwa uhakika na umbali wa kuua kwa bahati mbaya. Iliyokosa shabaha inaweza kusafiri zaidi ya nusu kilomita. Marisaa, zile chembe ndogo za kupigia ndege, huishiwa nguvu mapema, na mtu aliyezoea kupiga kanga huwa na mazoea ya kutojali kilicho nyuma ya ndege. Huku kwetu, ambako nyumba zimesogeleana na njia za miguu zinakatiza mashambani, mazoea hayo inabidi yaachwe siku ile ile mtu anaponunua risasi za kipande kimoja.

Kipande kimoja, namna tatu

Nirudi kwenye zile picha tatu. Zote zilikuwa geji 20 na zote zilikuwa za kipande kimoja, lakini zilikuwa vitu vitatu tofauti, na mbili tu ndizo zilizoifaa bunduki ya marehemu.

Ili kuzielewa lazima kwanza ujue tatizo ambalo zote zinajaribu kulitatua. Ndani ya bunduki ya kawaida ya masafa marefu kuna mifereji iliyosokotwa, nayo huizungusha risasi kama pia, na pia inayozunguka haianguki. Mtutu wa shotigani ni laini kama bomba la maji. Kipande cha risasi kinachotoka humo hakizunguki, na kitu kirefu kisichozunguka hupinduka hewani kama jiwe la kombeo. Utafanyaje kiende pua mbele?

Mjerumani Wilhelm Brenneke alitoa jibu lake mwaka 1898. Risasi yake ni ngumu, imejaa, na nyuma yake kimefungwa kizibo chepesi kinachokwenda nayo mpaka kwenye shabaha. Uzito uko mbele, mkia mwepesi uko nyuma. Tazama mshale wa Mhadzabe wa kule Ziwa Eyasi: chuma au ncha nzito mbele, manyoya nyuma. Hewa inaukamata mkia, na pua inabaki inatazama inakokwenda.

Mmarekani Karl Foster akaja na la kwake mwaka 1931, miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, wakati familia nyingi zilikuwa na bunduki moja tu ya ndege na haja ya nyama kubwa. Yeye alitoboa nyuma ya risasi ikawa tupu kama kikombe. Uzito wote ukaenda puani. Ni rahisi kutengeneza, ni laini, na hupanuka inapogonga. Ile ya Brenneke haipanuki sana bali huzama zaidi, na kwa nguruwe mwenye ngozi nene na bega gumu mimi naipenda ya Brenneke. Wengine watanipinga, na wana sababu zao.

Zote mbili ubavuni zina mistari ya kukingama. Karibu kila mtu niliyezungumza naye anaamini mistari ile huizungusha risasi. Mzunguko unaopatikana ni mdogo mno kusaidia lolote. Kazi yake hasa ni nyingine: mdomo wa mtutu wa shotigani mara nyingi umefinywa kidogo ili marisaa yasitawanyike upesi, na kipande kizima kinapopita kwenye kibano hicho, matuta ya mistari ndiyo yanayojikunja na kuachia nafasi. Hata hivyo kibano kikali hakifai. Mtutu wenye mdomo wazi, au uliobanwa kidogo sana, ndio unaopendekezwa. Kupitisha kipande kizima kwenye kibano cha mwisho kabisa, hasa kipande kigumu, ni kuharibu mtutu na kuhatarisha uso.

Namna ya tatu ni saboti. Jina ni la Kifaransa na maana yake ni kiatu cha mti. Waliokulia Pwani wangesema mtalawanda. Risasi yenyewe ni nyembamba kuliko mtutu, imevalishwa kiatu cha plastiki kinachojaza nafasi, na kiatu hicho huvuka mdomo wa mtutu kisha kikajivua na kuanguka. Ni risasi nzuri sana, inapiga kwa usahihi hata mita 100 na kuendelea, ila imetengenezwa kwa ajili ya shotigani za aina ya pekee ambazo mitutu yake imechongwa misokoto, mzunguko mmoja kamili katika kila sentimita 60 hadi 90 hivi. Plastiki inashika misokoto, inazunguka, na risasi iliyo ndani inazunguka nayo. Ndani ya mtutu laini hakuna cha kushika.

Hili nalijua kwa gharama yangu. Miaka ya nyuma nilinunua pakiti ya saboti kwa sababu ndiyo iliyokuwa na bei kubwa, na nikaamini bei. Nilikwenda kwenye uwanja wa shabaha, nikaweka karatasi mita 50, nikapiga tano. Tatu hazikuonekana kabisa. Mbili zilitoboa karatasi, na matundu yake hayakuwa ya duara. Yalikuwa marefu kama tundu la kitasa. Risasi ilikuwa imefika ubavu mbele. Mzee aliyesimamia uwanja aliichukua ile karatasi, akaikunja, akaniambia niitunze. Ninayo mpaka leo, na ndiyo niliyomwonyesha mdogo wangu.

Kinyume chake nacho kina hasara, ingawa ndogo: ukipiga risasi za Foster ndani ya mtutu wa misokoto, madini laini yanajipaka kwenye mifereji, na baada ya chache tu usahihi unapotea mpaka mtutu usafishwe.

Kwa hiyo swali la "nichukue ipi" halijibiwi dukani. Linajibiwa na mtutu. Chungulia ndani dhidi ya mwanga: ni laini au umesokotwa? Soma ubavuni: chemba ni ya milimita ngapi? Mdomo umebanwa kiasi gani? Ukishayajua hayo, pakiti tatu zinakuwa mbili. Kati ya hizo mbili, nunua chache za kila aina ukapige kwenye karatasi, kwa sababu bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupendelea risasi tofauti, na hakuna maandishi ya pakiti yatakayokuambia hilo.

Bunduki ya baba mdogo ina jambo moja zaidi, kwa kuwa ina mitutu miwili sambamba. Mafundi wanapoiunganisha mitutu hiyo huielekeza ikaribiane kidogo kwa mbele, ili marisaa ya kulia na ya kushoto yafike mahali pamoja. Lakini walipima kwa marisaa. Kipande kizima chenye uzito na mwendo mwingine hakifuati mapatano hayo. Mtutu wa kulia unaweza kupiga hapa na wa kushoto ukapiga shubiri nzima pembeni. Mara nyingi dawa ni kuchagua mtutu mmoja, kuujua, na kuufanya huo ndio wa kipande kizima.

Gunia la maganda

Sasa lile la kujaza upya. Sitakupa vipimo vya baruti hapa, na nitaeleza kwa nini hakuna mtu anayekupenda atakayekupa vipimo hivyo kwa mdomo.

Kwanza sheria. Tanzania, risasi ni kitu cha kibali sawa na bunduki yenyewe. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi haimruhusu mwenye kibali cha kumiliki bunduki kujigeuza mtengenezaji. Kuwa na baruti, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) na mashine nyumbani bila idhini ni kosa la jinai, hata kama nia yako ni kulinda mahindi. Mdogo wangu aliponiambia "lakini Wamarekani", nilimwambia Wamarekani wana sheria yao, na tuna yetu, na aliyepewa kibali cha kumiliki bunduki ya marehemu baba yake hana ruhusa ya kukichezea.

Bado inafaa kuelewa wenzetu wanafanya nini, kwa sababu ukielewa utaona kwamba si kazi ya kubahatisha hata huko inakoruhusiwa. Wanaojaza upya geji ndogo wana sababu mbili. Risasi za dukani za geji 28 na 410 hugharimu sawa na za geji 12 au kuzidi, ingawa ndani yake mna madini kidogo zaidi. Sababu ya pili ni kwamba mtu anaweza kutafuta mchanganyiko ambao mtutu wake unaupenda.

Ganda lililotumika limebaki plastiki na kitako cha shaba. Linatiwa fataki mpya, kisha baruti, kisha kizibo kinachoziba moto usivuke, kisha risasi, kisha mdomo unakunjwa. Vitu sita, ukihesabu ganda na mkunjo. Ukitazama unaona vitu sita, lakini kwa bunduki ni kitu kimoja, yaani mgandamizo.

Fundi wa matairi pale stendi anajaza tairi la gari dogo upepo wa paundi 30 kwa kila inchi ya mraba. Taasisi ya Marekani ya SAAMI, iliyoanzishwa mwaka 1926 na inayoweka viwango vya watengenezaji, imeweka kikomo cha geji 12 ya kawaida kuwa paundi 11,500. Geji 20 ni 12,000. Ile 410 ndefu ni 13,500. Kadiri mtutu unavyokuwa mwembamba ndivyo kikomo kinavyopanda, kwa sababu moto unasukuma kitako chembamba zaidi na unahitaji nguvu zaidi kukipa mwendo ule ule. Bunduki ya .375 inaruhusiwa paundi 62,000, lakini ukuta wa chemba yake ni mnene kama kiganja cha mkulima. Ukuta wa mtutu wa shotigani, kuelekea mbele, ni mwembamba kiasi kwamba ukiutazama utaogopa.

Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina tabia ambayo baruti nyeusi ya zamani haina kwa kiwango hicho: ikibanwa huungua haraka zaidi, na ikiungua haraka hubana zaidi. Kwa hiyo kubadilisha kitu chochote kati ya vile sita kunabadilisha mwendo mzima. Fataki ya kampuni nyingine, yenye moto mkali kidogo, inapandisha mgandamizo. Maganda mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kutofautiana kwa ndani, moja lina kitako cha ndani kirefu na nafasi ndogo. Mkunjo wa mdomo ukikaza zaidi, mgandamizo unapanda. Ukilegea, baruti haiungui vizuri. Gramu 21 za marisaa si sawa na gramu 21 za kipande kimoja, kwa kuwa chembe husogeana na kupishana ndani ya mtutu, na kipande kizima hakina pa kusogea. Wanaofanya kazi hii kwa haki hufuata jedwali lililopimwa maabara kwa vifaa vya kupimia mgandamizo, kitu kwa kitu, jina kwa jina, na wakikosa kimoja wanaacha mpaka wakipate. Na kwa geji 20 na ndogo zake majedwali ya kipande kizima ni machache kuliko ya geji 12, ndiyo maana mtu anashawishika kuchukua kipimo cha geji 12 akapunguza kwa makisio. Makisio hayo hayana msingi. Kosa dogo la mizani, ambalo kwa geji 12 lingekuwa sehemu ndogo ya kipimo, kwa kipimo kidogo ni sehemu kubwa.

Wapo wanaodhani usalama ni kupunguza baruti. Hapana. Ikipungua mno, risasi au kizibo kinaweza kubaki katikati ya mtutu. Mlio unakuwa mdogo, mpigaji anadhani ni fataki mbovu, anatia nyingine. Kilichobaki unakijua, ni kile kile cha ganda la njano ndani ya geji 12. Hata kwa risasi za dukani, ukisikia mlio wa ajabu, simama, toa risasi, chungulia mtutu ukiwa mtupu kabisa kutokea upande wa nyuma.

Nataja magobore kwa sababu ndiyo yanayotufundisha vibaya. Babu zetu walipima baruti nyeusi kwa kifuniko au kwa kiganja, wakashindilia, wakatia vipande vya chuma, na wengi walizeeka na macho yao yote mawili. Mazoea hayo yakihamishiwa kwenye baruti isiyo na moshi, kiganja kile kile kina nguvu mara nyingi zaidi. Gobore linapasuka usoni.

Na kuna sumu ambayo haina mlio. Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia bila shida, na ndiyo maana watu hujaribu kumimina risasi zao nyuma ya jiko, kwa sufuria ile ile, watoto wakitazama. Vumbi lake na mvuke wake vinaingia mwilini na havitoki upesi, na kwa mtoto mdogo huharibu ubongo kabla hata hajaonyesha dalili. Mdogo wangu ana watoto wawili. Hilo ndilo lililomnyamazisha, kuliko yote niliyosema juu ya mitutu.

Wiki mbili baadaye tulikwenda uwanjani na pakiti mbili, moja ya Foster na moja ya aina ya Brenneke. Alipiga mita 25, kisha 50, mtutu wa kulia kwanza halafu wa kushoto, na kila tundu nikaliandikia namba kwa kalamu. Mtutu wa kushoto ulitawanya kila kitu. Wa kulia uliipenda ile ya Brenneke, tatu kwenye kiganja kwa mita 50, zikiwa chini kidogo ya alama. Bega lake lilivimba, kwa sababu bunduki ya marehemu ni nyepesi, na bunduki nyepesi hupiga teke hata kama risasi ni ndogo.

Alirudi Sanya Juu na karatasi zile. Ruhusa ya kulinda shamba alikuwa ameshaipata kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Jioni alinipigia akiwa shambani, akipima kwa miguu kutoka kwenye dungu la zamani la baba yake hadi pale nguruwe wanapoingilia kwenye mahindi.

"Kaka, hatua tisini na mbili."

"Na nyuma yake kuna nini?"

Akanyamaza kidogo. "Njia ya kwenda kwa mama Neema."

Jumamosi walilibomoa dungu wakalijenga upya upande wa pili, hatua 45 kutoka kwenye mahindi, wakaliinua mita tatu, ili atakayepiga kutoka pale apige kuelekea chini, na risasi iliyokosa au iliyopita iishie kwenye udongo.